Choo cha Mkwe, Robo ya Tatu

Mume wangu akipenda kitu, sisi wengine tunakoma. Aliwahi kupenda kuku wa kisasa, wakafa wote na banda likabaki, na mpaka leo hakuna anayethubutu kuwataja mbele yake. Halafu akaja akapenda dayari.

Alirudi nayo kutoka semina ya kazini, semina ya usimamizi wa miradi. Jalada jeusi gumu, utepe mwekundu wa kuonyesha ulipoishia, na kila siku ya mwaka ina ukurasa wake. Aliibeba kwapani kama mchungaji anayekwenda ibadani. Akanunua na kalamu za rangi: bluu ni kazi iliyopangwa, kijani ni kazi iliyokamilika, nyekundu ni dharura, nyeusi sijui ilikuwa ya nini. Sikuuliza, maana yule bwana ukimuuliza anakujibu.

Akaniita sebuleni nikiwa na uzi wangu mdomoni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo barazani, kwa hiyo kila jambo linalotendeka katika nyumba ile linapita mbele ya macho yangu. Akasema, "Mama watoto, kuanzia sasa nyumba hii inaboreshwa kwa mpango kazi." Akafungua dayari, akanionyesha mwaka wetu wote umegawanywa katika robo nne, kama bajeti ya halmashauri. Sakafu ya vigae, dari la jipsamu, geti la chuma, vitofali vya kupanga uani ili gari aliloliota lisije likazama matopeni. Na choo cha ndani, cha kukaa, cha kuvuta maji.

Sitaki kusema uongo, hicho choo cha ndani nilikifurahia. Nyumba yetu ya Somanda tumeijenga kama wanavyojenga wengi hapa Bariadi, chumba kwa chumba, mshahara kwa mshahara, na vyoo vilikuwa viwili vya shimo kule nyuma. Kimoja chetu. Cha pili kidogo, cha udongo, upande wa pili wa ua, kilikuwa cha baba mkwe.

Hapo lazima nieleze, maana watu wa siku hizi mnajifanya hamjui. Kwetu Usukumani mke na baba wa mumewe wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mkono. Hamketi mkeka mmoja. Akiwa anapita mlangoni, unasubiri apite. Unapiga magoti unamwamkia ukiwa umetazama pembeni, "Mwangaluka, baba," naye anaitika akiwa ametazama pembeni kwake. Akitaka kitu hakuombi wewe. Anaiambia hewa, "Sijui uji upo leo," na wewe unaijibu hewa kwamba upo. Na choo cha mkwe hukanyagi. Hilo ni zito kuliko yote. Mwanaume mzima hawezi kukaa uchi mahali ambapo mke wa mwanawe amekaa uchi asubuhi ile ile. Ndiyo maana mzee yule, mwanawe aliponioa, alipanda baiskeli kutoka Shishiyu na jembe lake, akachimba shimo lake mwenyewe kwenye ua wetu, akalijengea kuta za udongo, akasema, "Nikija, nisimsumbue mkamwana." Kisha akarudi kwenye pamba yake na ng'ombe zake. Nilimpenda tangu siku ile, na sikuwahi kumwambia, maana ningemwambia vipi?

Mwaka wa dayari ndio mwaka mzee alipoanza kuugua. Mkojo ulikuwa unamtesa. Tukampeleka hospitali, mimi nikaketi benchi la mwisho kabisa, lakini masikio yangu yalikuwa mbele. Daktari alieleza taratibu kabisa: ni tezi dume, imevimba. Upasuaji asingeweza kuuvumilia kwa sababu ya moyo wake. Dawa zipo, akae karibu na kliniki, anywe maji ya kutosha, na asibane mkojo hata kidogo. "Akisikia haja, aende saa hiyo hiyo," daktari alimwambia mume wangu. "Akizoea kubana, siku moja njia itafunga. Ikifunga tutamwekea mpira wa kutolea mkojo, na kwa moyo huu, mpira huo atakaa nao mpaka mwisho wake."

Mume wangu aliyaandika yote kwa kalamu nyekundu. Mwandiko mzuri ajabu.

Ikaamuliwa mzee arudi kwanza Shishiyu auze pamba na kumkabidhi ndugu yake ng'ombe, halafu aje kukaa na sisi. Tulipofika nyumbani nikamwambia mume wangu, tena kwa upole, jamani, mimi nikiwa na upole ujue jambo ni zito: "Baba watoto, choo cha baba kimechakaa. Kile ndicho kianze. Kijengwe kizuri, cha kukaa, chenye kishikio cha mkono. Mengine yote yasubiri."

Akapekua. "Choo cha nje kipo," akasema. "Kiko robo ya tatu."

"Na baba anakuja lini?"

"Robo ya pili."

Nikamwangalia. Alikuwa hacheki. Nikamwambia, "Kwa hiyo robo ya pili nzima baba yako atakwenda haja kwenye karatasi?"

Akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto wa chekechea, kwamba kazi zina mtiririko. Huwezi kujenga choo cha nje kabla ya kupanga vitofali uani, na huwezi kupanga vitofali kabla lori halijaingia, na lori haliwezi kuingia wakati kibanda cha udongo kimesimama njiani. Kwa hiyo kinachoanza ni kubomoa. Baba atatumia cha ndani. "Kizuri kuliko chote alichowahi kukiona," akasema. "Mambo ya mkwe na mkwe ni ya zamani, mama. Kuna maji ya kuvuta. Kuna dawa ya kusafishia. Wewe umesoma."

"Na yeye?" nikasema.

"Hiyo ni changamoto. Tutaifanyia kazi."

Wallahi, kama ningekuwa na pasi mkononi ningemchoma.

Fundi wa ujenzi alipokuja na nyundo yake, hata yeye alisita. Alikuwa Msukuma wa Maswa, mtu mzima mwenye wakwe zake. Akasimama mbele ya kile choo cha udongo akakuna shingo, "Bosi, na mzee akija?" Mume wangu akamwonyesha ukurasa. Fundi akausoma, akanitazama mimi, mimi nikatazama cherehani. Akabomoa. Kazi ya mchana mmoja tu. Shimo alilolichimba mzee kwa mikono yake likafukiwa na vifusi, juu yake vikapangwa vitofali vyekundu na vya kijivu, na mume wangu akachukua kalamu ya kijani akaweka alama ya vema. Chetu nacho kikabomolewa wiki ile ile, maana cha ndani kilikuwa kimeshakamilika. Alama ya pili ya vema. Alitembea juu ya vile vitofali akiwa na soksi, akijisikia.

Mzee akaja na kifurushi cha michembe, vile viazi vya kukausha, na fimbo yake. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitika. Mwanawe hakumpa hata nafasi ya kukaa. Akamshika mkono akamtembeza nyumba nzima kama mgeni rasmi. Hapa dari litakuja, hapa vigae vimeshakuja, angalia, usiteleze. Wakafika chooni. Nikasikia maji yakivutwa, yakavutwa tena kwa maonyesho. Halafu sauti ya mzee, ya chini:

"Na mkamwana anakwenda wapi?"

"Hapa hapa, baba. Ni cha familia."

Mzee akasema, "Wabeja," asante, akatoka. Mguu wake haukuingia tena mle ndani siku zote alizokaa nasi.

Ng'ambo ya barabara anakaa jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la nguo, mtu wa asili ya Kondoa. Yeye bado ana choo cha shimo nyuma ya duka. Mzee alikwenda kumwomba kwa kofia mkononi. Yule mama akamwambia choo si kitu cha kunyimana, baba yangu, njoo unapotaka. Basi mzee akawa anavuka barabara na fimbo yake alfajiri, na tena jua likizama. Katikati ya hapo anavumilia. Mkwe wangu hakuwa mtu wa kusumbua nyumba ya watu, na ile tezi haikujua adabu hizo.

Siku moja mchana alishindwa kuvumilia, akatoka haraka. Bodaboda zilikuwa zimefululiza, na mguu wake si wa kukimbia. Alisimama kando ya barabara akisubiri nafasi ya kuvuka, na pale pale mkojo ukamtoka. Vijana wa kijiwe cha pikipiki wakaona. Mmoja akapiga mluzi, "Mzee, umemwagikiwa na chai?" Kijiwe kizima kikacheka. Mzee akafunga sweta kiunoni akarudi polepole, akapita mbele yangu barazani. Mimi nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Niliwatukana wale vijana baadaye mpaka mate yakanikauka, lakini mzee alikuwa ameshaingia chumbani, na sidhani kama yalimfaa kitu.

Baada ya siku hiyo hakupatwa tena na aibu ile. Nikadhani dawa zimemkubali. Kila asubuhi niliweka jagi la maji mlangoni kwake, jioni nililikuta tupu, nikasema moyoni, Mungu mkubwa, mzee anakunywa. Kumbe! Chini ya dirisha lake kuna mpapai wangu, mpapai uliokuwa umedumaa miaka. Kiangazi kile, wakati majani yote ya Somanda yamegeuka vumbi, mpapai ukaanza kunawiri. Ukatoa majani mapana, ukatoa maua. Nilikuwa nausifia. Mpaka siku nilipozunguka nyuma kuanika nguo nikaona mkono wa mzee umetoka dirishani na lile jagi, akimimina taratibu ili maji yasipige kelele.

Nililia pale pale kwenye kamba ya nguo. Mtu mzima ananyimwa maji na nani? Na adabu yake mwenyewe. Na mwanawe. Na mimi niliyezaliwa mwanamke nikaolewa na huyo mwanawe.

Nikatafuta njia. Siku iliyofuata nikaihamishia cherehani nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la mzee, nikaiambia cherehani kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Mimi choo cha ndani nimekiacha. Kuanzia leo nakwenda kwa jirani. Cha ndani ni cha wanaume peke yao." Na nilikuwa nimeshaanza kweli. Nikaendelea kushona. Baada ya muda ikaja sauti kutoka dirishani, haikuniambia mimi, iliiambia hewa, nayo ilikuwa ya mtu anayeona huruma:

"Na anayekipiga deki ni nani?"

Ni mimi. Nani mwingine?

Mume wangu aliporudi kutoka kazini sikumpa hata maji ya kunawa. Nikamwambia, "Kesho asubuhi, kabla ya kazi, utachukua brashi na ndoo, utasugua kile choo kwa mikono yako, baba yako akikuona. Kila siku. Ukifanya hivyo, atakitumia."

"Mimi?" akasema.

"Hapana, mkuu wa mkoa."

Akacheka. Alidhani natania. Nikamwambia habari ya mpapai, nikamwambia, "Baba yako anakufa kwa kiu kwenye nyumba yenye bomba ndani, na wewe unahesabu vigae. Una roho gani wewe? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa linaloumia ni la baba yako." Hapo akanywea kidogo. Akafungua dayari. Akakisogeza choo cha nje kutoka robo ya tatu mpaka wiki inayofuata, kwa kalamu nyekundu, akachora na mshale. Akanionyesha. Nikaona aibu kwamba nilifurahi.

Kusugua hakusugua. Alisema choo cha nje kikianza wiki ijayo, cha nini kuanzisha utaratibu wa muda?

Wiki ikafika, na pamoja nayo ikafika habari kwamba mkuu wake wa kazi amesikia sifa za nyumba na angependa kuja kuitazama, kwa sababu naye anataka kukarabati yake. Mayu wane, mama yangu we! Mshale ukageuka. Choo kikasogea mbele, dari la jipsamu likarudi nyuma. Fundi aliyekuja kuchimba shimo akapewa ngazi apande juu. Nyumba ikajaa unga mweupe. Mzee akawa anakohoa chumbani kwake, nami nikawa napika kuku wa kienyeji kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Niliweka jagi mlangoni kama kawaida. Sikwenda kuutazama mpapai.

Mgeni alikuja Jumamosi mchana, mtu mnene mwenye adabu zake. Akala, akasifia. Mume wangu akawa anamzungusha na dayari mkononi, anamwonyesha dari na kurasa, kurasa na dari. Mgeni akauliza, "Na mzee hajambo?" Mume wangu akasema mzee amepumzika.

Nilikuwa nakusanya sahani nikasikia kitu kupitia ukutani. Haikuwa kelele. Ilikuwa ni pumzi ya mtu anayeng'ata nguo. Nikasimama mlangoni kwa mzee, mlango ambao sijawahi kuugusa tangu alale mle. Nikabisha. Nikaiambia hewa, "Baba anaumwa?" Hewa haikujibu. Nikafungua.

Alikuwa sakafuni, juu ya vigae vipya, amejikunja, shati lipo kinywani. Jasho limemtota. Chini ya kitovu tumbo limetuna na kukaza kama la mjamzito. Akanitazama. Katika miaka yote ya ndoa yangu yule mtu hakuwa amewahi kunitazama usoni, wala kunisemesha mimi kama mimi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Toka."

Nikatoka mbio. Nikamkuta mume wangu sebuleni na swichi mkononi, anawasha na kuzima taa za dari, za rangi mbili. Nikamwambia baba amezidiwa. Akanyanyua kidole kimoja: nisubiri, anamalizia kumwonyesha mkuu hizi za bluu.

Matusi niliyoyatoa siku hiyo sikujua kama ninayo. Nilitukana kwa Kiswahili, yakaniishia, nikaendelea kwa Kisukuma. Yule mgeni ndiye aliyeweka soda yake chini, akaenda kumbeba mzee yeye mwenyewe, akamlaza kwenye gari lake. Sitamsahau. Mume wangu alikuwa anatafuta viatu.

Hospitali walimwekea mpira. Mkojo uliotoka, muuguzi alibadilisha chombo, akabadilisha tena. Daktari alikuwa yule yule. Akauliza, "Alikuwa anabana?" Mume wangu akajibu kwamba maelekezo yote yaliandikwa. Daktari akasema, "Sijauliza yaliyoandikwa." Akamgeukia mzee, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba njia imefunga, na upasuaji ni kama alivyosema mwanzo, hauwezekani. Huo mpira ni wa maisha. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama ukuta.

Sasa sikilizeni sehemu iliyobaki. Mpira una mfuko. Mfuko unajaa. Unatakiwa kumwagwa kabla haujafurika, mchana kutwa, na mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka asiweze hata kukikamata kile kifunguo kidogo cha chini. Muuguzi akauliza, "Nyumbani anabaki nani?" Mume wangu anakwenda kazini. Watoto wako bweni. Wote wakanigeukia mimi, na muuguzi akanifundisha: osha mikono, kunja hapa, fungua hapa, tazama rangi, funga. Mzee akiwa amelala pale pale, akisikia kila neno.

Mtu ambaye hakutaka kukaa nilipokaa, nikawa nabeba mkojo wake mimi. Kila nilipoingia, alivuta shuka akajifunika uso. Mimi nami niligeuza uso wangu mlangoni, nikafanya kazi kwa kupapasa. Sasa alikuwa anakunywa maji, ndiyo, anakunywa yote, kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kuficha. Alikonda. Akaacha kuuliza kama uji upo. Jirani alikuja kumjulia hali akaniambia mlangoni, "Shoga, huyu mzee hana ugonjwa mwingine ila haya." Nikamwambia najua.

Nikamwambia mume wangu jioni ashike yeye, angalau jioni. Alijaribu mara moja. Akatapika. Akasema kila mtu ana kipaji chake.

Lakini lilimchoma, hilo siwezi kumnyima. Akachukua likizo. Choo cha nje kikaanza siku hiyo hiyo, na nilivyoona mtu anavyoweza kujenga haraka akitaka, ndipo nilipomchukia kweli. Akavunja vitofali vyake mwenyewe. Fundi akachimba, akajenga, akapiga lipu, na wiki haikuisha vizuri choo kimesimama: vigae vyeupe mpaka nusu ya ukuta, kiti cha kukaa, vishikio viwili vya chuma, mteremko badala ya ngazi ili mzee asijikwae, mlango wa mninga wenye komeo kwa ndani. Kilikuwa choo kizuri kuliko vyote vya mtaa. Na kingeweza kusimama pale pale tangu robo ya kwanza.

Akataka tufanye uzinduzi. Ndivyo alivyosema, uzinduzi. Nikamwambia, "Wewe mwanaume, una akili timamu? Azindue nini?" Akasema baba lazima akione, itampa moyo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikaona nimwache, mjinga akilia bado ni mjinga.

Basi tukaenda. Mume wangu amemshika mzee mkono mmoja, fundi amemshika mwingine. Mfuko hauwezi kuachwa, na mpira wake ni mfupi, kwa hiyo nyuma yao nikafuata mimi nimeubeba. Nilikuwa nimefungwa na mkwe wangu kama mbuzi na mwenye mbuzi. Akisimama nasimama, akipiga hatua napiga. Vijana wa kijiwe walikuwa wanatazama kutoka barabarani, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mume wangu akafungua mlango. Akaonyesha kiti, akaonyesha vishikio, akafunga komeo akalifungua. "Cha kwako peke yako, baba. Hakuna mtu atakayekanyaga humu." Kisha akatoa dayari kwapani, akatafuta ukurasa, akaweka alama ya kijani.

Mzee akakitazama choo. "Ni kizuri," akasema. Halafu akamuuliza mwanawe, "Ng'wanawane, mwanangu, humo kwenye kitabu nafasi bado ipo?"

"Ipo, baba. Ipo nyingi. Sema tu."

"Andika kaburi langu. Andika leo, maana wewe unachelewa sana."

Fundi akauachia mkono wa mzee, akainama kama anayefunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Mimi nilicheka. Nilicheka mbele ya baba mkwe, jambo ambalo mama yangu angenizaba kibao kwa ajili yake, na nilipotaka kunyamaza sikuweza. Mume wangu alisimama kalamu juu, mdomo wazi. Na kwa sababu ni yeye, kwa sababu hajui kufanya kitu kingine mbele ya ukurasa mtupu, akauliza:

"Lichimbwe wapi, baba?"

"Nyumbani. Shishiyu," mzee akasema. "Na usiliwekee vigae."

Akaandika.

Mfuko ulikuwa umejaa mkononi mwangu, una joto, umeanza kuvuta mpira, na mzee akakunja uso kwa maumivu. Ndoo yangu ilikuwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyesogea. Hapakuwa na mahali pengine. Nikapita ubavuni mwa baba mkwe, nikakanyaga vile vigae vyeupe kabla yake yeye mwenyewe, nikainama juu ya kiti chake kwa urefu wa ule mpira, nikafungua kifunguo. Mzee akageukia ukuta wa nje. Ikabidi asubiri pale mpaka nimalize.